UZI: Watoto waliozilisha familia zao, upande wa Hollywood ya mwanzo ambao hausimuliwi sana

Wakuu habari zenu, poleni na majukumu.

Huu uzi ni mrefu, kwahiyo kama uko kwenye daladala we hifadhi usome ukifika. Nataka tuongelee mastaa wa mwanzo kabisa wa Hollywood, zama za filamu bubu, kuanzia kama 1909 hivi mpaka kuingia miaka ya 30. Sio zile stori za nani alikuwa anatoka na nani maana hizo zimejaa kila kona. Nataka tuangalie nyumbani kwao kulikuwaje, baba alienda wapi, mama aliishije, na hela waliyoitafuta ilikuja kuliwa na nani.

Maana ukianza kusoma maisha yao mmoja mmoja kuna kitu kinajirudia mpaka kinatisha. Baba kaondoka, au mlevi, au kafa. Mama kabaki na watoto hana pa kushika. Na mtoto wa miaka mitano, sita, saba ndo anageuka mzee wa nyumba. Msimamo wangu ni huu na nitausimamia uzi mzima: ile Hollywood tunayoisifia ilibebwa na watoto waliokuwa wanawatafutia wazazi wao ugali, na sheria ilikaa kimya miaka na miaka ikiwaangalia tu.

Tuanze na Mary Pickford.

Huyu jina lake la kuzaliwa ni Gladys Smith, kazaliwa Toronto, Canada, mwaka 1892. Baba yake alikuwa mtu wa pombe, akaitelekeza familia, na 1898 akafariki. Mama yake, Charlotte, akabaki na watoto watatu, Gladys ndo mkubwa, anafuata Lottie, alafu Jack kitinda mimba. Bimkubwa akawa anashona nguo za watu na kupangisha chumba. Sasa katika kupangisha akampata mpangaji mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kusimamia jukwaa kwenye kikundi cha maigizo, yule jamaa akamwambia mama mbona hawa watoto wako usiwalete stejini wakapata chochote. Enzi hizo kwa watu wa heshima zao uigizaji ulikuwa kazi ya wahuni, ila njaa haina heshima, mama akakubali. 1900 Gladys akapanda stejini Toronto na hakushuka tena.

Kabla ya hapo kuna kisa kimoja Mary mwenyewe alikisimulia ukubwani. Kulikuwa na daktari mmoja pale Toronto ambaye yeye na mkewe hawakujaliwa mtoto, wakamuomba Charlotte awape Gladys wamlee kama wa kwao. Binti akapelekwa kwa daktari akaoneshwa nyumba, akaahidiwa vitu vizuri vizuri, akafurahi kweli. Njiani kurudi ndo anakuja kuelewa kwamba akienda kule hatakaa tena na mama yake na wadogo zake. Akakataa katakata. Na alisema kuanzia siku ile akaona ni kazi yake kuhakikisha ile familia haitawanyiki. Mtoto huyo hata miaka kumi hajafika jamani.

Baada ya hapo ni miaka ya kuzunguka Marekani kwa treni na vikundi vya maigizo vya bei chee, mama na watoto wote watatu wanaigiza, wanalala kwenye viti vya treni na nyumba za kulala wageni za hovyo. 1907 akapata nafasi Broadway, kule kwenye majumba makubwa ya maigizo New York, kwa mtayarishaji David Belasco, huyo ndo aliyembadilisha jina akawa Mary Pickford. 1909 kazi za steji zimekauka, akaenda kuomba kazi kampuni ya filamu ya Biograph kwa muongozaji D.W. Griffith. Griffith akamwambia malipo ni dola 5 kwa siku. Binti wa miaka 17, familia nzima inamsubiri arudi na kitu, ungetegemea apokee na kushukuru. Yeye akamwambia mimi nimetoka kwa Belasco, nataka 10. Akapewa 10.

Na hapo ndo mama Charlotte anapoingia kazini rasmi. Wadau, yule mama alikuwa mfanyabiashara haswa. Mikataba ya Mary yeye ndo alikuwa anakaa mezani na wenye kampuni, na wenye kampuni walikuwa wanamuogopa. 1916 wakambana mwenye kampuni ya filamu, Adolph Zukor, mpaka Mary akawa anachukua dola 10,000 kwa wiki na mgao wa faida juu. 1918 akahamia kampuni ya First National kwa masharti yake mwenyewe. 1919 akaungana na Charlie Chaplin, Douglas Fairbanks na Griffith wakaanzisha kampuni yao wenyewe, United Artists, wasipangiwe tena na mtu.

Kwenye dili zake Mary alikuwa hawasahau wadogo zake, Jack na Lottie nao wakaingia kwenye filamu kwa mgongo wa dada. Ila hapo ndo palipoanza kuharibika. Jack alipata kila kitu bila kukitolea jasho, pombe, magari, wanawake. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia aliingia jeshi la majini, akakutwa kwenye sakata la rushwa ya kuwasaidia watoto wa matajiri kukwepa kazi ngumu, kidogo afukuzwe kwa aibu. Mke wake wa kwanza, Olive Thomas, naye muigizaji na mrembo wa kutisha, 1920 wakiwa hotelini Paris alikunywa dawa yenye zebaki usiku, akafa baada ya siku chache hospitali ya Wamarekani pale Neuilly. Uchunguzi ukasema ni bahati mbaya. 1933 Jack naye akafia hospitali hiyohiyo, miaka 36. Lottie akafuata 1936, moyo. Charlotte alishatangulia 1928 kwa saratani ya matiti.

Mary alikuwa mtoto pekee aliyebaki. Mama yake alipokufa ndo akakata zile nywele zake ndefu za mawimbi ambazo dunia nzima ilimjua nazo, miaka yote mashabiki walikuwa hawataki azikate kwa sababu walitaka abaki kabinti. Fikiria, mtu kaigiza mtoto mpaka ana miaka zaidi ya 30, wakati utoto wenyewe hakuupata. Aliishi mpaka 1979, miaka ya mwisho amejifungia ndani ya jumba lake la Pickfair na pombe, haonani na watu. Mimi naamini kabisa huyu alichoka toka akiwa na miaka saba.

Tuendelee.

Lillian na Dorothy Gish. Hawa ni ndugu wa Ohio, Lillian 1893, Dorothy 1898. Stori ni ileile, baba hakai, kaondoka, mama kaingia kwenye uigizaji na watoto wakaingizwa wadogo kabisa. Tena walikuwa wanatenganishwa, mama kikundi hiki, Lillian kikundi kile, Dorothy kwingine, kila mmoja mji wake. Wakiwa New York waliwahi kuishi nyumba moja na kina Charlotte Smith, mama yake Mary, ili wagawane kodi, mama wawili walioachwa na watoto wao watano, wote waigizaji. Miaka ikapita, 1912 Lillian na Dorothy wakaenda kumtafuta rafiki yao Gladys kwenye studio za Biograph, kumbe mwenzao ashakuwa Mary Pickford. Mary akawatambulisha kwa Griffith.

Griffith alishindwa kuwatofautisha akawafunga riboni za rangi tofauti kichwani, mmoja bluu mwingine nyekundu, akawa anawaita kwa rangi. Alafu katikati ya mazoezi akachomoa bastola akawa anapiga risasi juu huku anawafukuza chumbani aone wakiogopa sura zao zinakuwaje. Ndo usaili ulivyokuwa huo! Siku hizohizo wakapewa kazi. Lillian hakuolewa maisha yake yote, alimuuguza mama yake aliyepata kiharusi, akafanya kazi mpaka uzeeni kabisa, akafariki 1993 akiwa na miaka 99.

Kuna kina Talmadge pia, Norma, Natalie na Constance, wa Brooklyn. Kwao stori inayosimuliwa ni kwamba asubuhi ya Krismasi baba alitoka kwenda kununua chakula na hakurudi. Mama yao, Peg, akafua nguo za watu, akauza vipodozi, akapangisha vyumba, mwisho akaona binti yake Norma ana sura nzuri akampeleka studio za Vitagraph ambazo zilikuwa hapohapo Brooklyn. Norma akaja kuwa mmoja wa mastaa waliolipwa vizuri kabisa miaka ya 20.

Natalie, wa katikati, ndo aliolewa na Buster Keaton 1921. Na Keaton lazima nimuongelee kidogo maana yeye ni tofauti, baba alikuwepo, tena alikuwepo kupita kiasi.

Buster kazaliwa 1895 Piqua, Kansas, wazazi wake Joe na Myra wakiwa safarini na maonyesho. Toka mdogo wakamuingiza kwenye mchezo wao wakajiita The Three Keatons. Mchezo wenyewe ulikuwa hivi: dogo anamkorofisha baba, baba anamkamata anamrusha. Anamrusha kwenye mapazia, anamrusha kwenye shimo la wapiga vyombo, saa nyingine mpaka kwa watazamaji. Mama alimshonea mshikio wa begi mgongoni kwenye nguo ili baba apate pa kushikia vizuri. Watu wanacheka hawana mbavu. Buster aligundua akicheka na yeye watazamaji hawafurahi, akibaki amekaza uso ndo wanaanguka kicheko, na ule uso mkavu uliokuja kumpa jina duniani aliupatia pale.

New York kulikuwa na chama cha kuzuia ukatili kwa watoto, walikuwa wanawaandama kina Keaton kila wakifika mjini. Dogo akawa anavuliwa nguo anakaguliwa kama ana michubuko. Buster mwenyewe mpaka anazeeka alikuwa anakataa kwamba aliumizwa, anasema alifundishwa kuanguka. Sawa, mimi siwezi kumbishia mwenye mwili wake. Ila mtoto ambaye pato la nyumba nzima linategemea yeye kurushwa, hata akiumia atamwambia nani?

1917 baba kazidi pombe, na ukirushwa na mlevi huo sio mchezo tena, Buster na mama yake wakamuacha. Mwaka huohuo akakutana na mchekeshaji wa filamu Fatty Arbuckle New York akaingia kwenye filamu kwa dola 40 kwa wiki, pungufu kabisa ya alizokuwa anaahidiwa stejini. Alafu alipokuja kutoboa alifanya nini? Alimrudisha baba yake. Ile filamu yake ya 1923, Our Hospitality, baba yake Joe ndo dereva wa treni, mke wake Natalie ndo mpenzi wake, na kile kitoto mwanzoni ni mwanae wa kumzaa. Ukiiangalia hiyo filamu unaangalia ukoo. Ndoa ikavunjika 1932, Natalie akawabadilishia watoto wote wawili jina la ukoo kutoka Keaton kuwa Talmadge. Hilo lilimuuma sana.

Naona kuna mdau hapo juu kauliza mbona Chaplin sijamgusa. Mkuu nilikuwa namuweka makusudi, maana yeye ndo daraja la kwenda kwenye sehemu ninayoitaka mimi.

Charlie Chaplin ni wa London, 1889. Mama yake, Hannah, alikuwa muimbaji. Baba yake, naye muimbaji, pombe ikammaliza 1901 akiwa na miaka 38. Hannah sauti ikakatika, kazi zikaisha, 1896 yeye na wanae wawili, Sydney na Charlie, wakaingia nyumba ya maskini ya Lambeth. Kule ukiingia familia inatenganishwa, mama upande wake, watoto upande wao, alafu wakapelekwa shule ya watoto maskini Hanwell. Charlie ana miaka saba. Baadae mama akaanza kuumwa akili, 1903 Charlie mwenyewe, miaka 14, ndo aliyempeleka hospitali kwa miguu kwa sababu Sydney alikuwa kazini melini. Ukishajua hilo, ile huruma iliyopo kwenye filamu zake kwa watu wasio na makazi unaielewa kwa namna nyingine kabisa.

Huyo Sydney ni kaka wa mama mmoja, na ndo mtu aliyemlinda Charlie maisha yote. 1916 Sydney ndo alikaa na watu wa kampuni ya filamu ya Mutual mpaka mdogo wake akapata dola 670,000 kwa mwaka mmoja, akiwa na miaka 26. Kulikuwa na ndugu wa tatu pia, Wheeler Dryden, ambaye baba yake alimchukua kwa Hannah akiwa kichanga akaondoka nae. Charlie na Sydney wakakua bila yeye. Yeye akaja kujua ukubwani kwamba yule Chaplin wa kwenye filamu ni ndugu yake wa damu, akaandika barua, ikachukua muda mpaka wakampokea, baadae akaja kuwa msaidizi wa Charlie studio. 1921 wakamleta mama California, wakamuweka kwenye nyumba yenye manesi. Akafariki 1928, mwaka uleule aliofariki Charlotte, mama yake Mary.

Sasa sikilizeni. Julai 1919 Charlie na mke wake wa kwanza, Mildred Harris, walipata mtoto wa kiume akaishi siku tatu tu. Siku chache baada ya msiba Charlie akaanza kutafuta mtoto wa kuigiza nae. Alishamuona dogo mmoja kwenye ukumbi wa Orpheum Los Angeles, baba yake alikuwa mchezaji dansi, na yule dogo kapanda stejini mwishoni akaiga baba yake watu wakashangilia. Jackie Coogan. Kazaliwa 1914.

Filamu ikawa The Kid, ikatoka 1921. Kuna ile sehemu watu wa ustawi wanakuja kumbeba mtoto kumpeleka kwenye kituo cha yatima, dogo yuko kwenye gari ananyoosha mikono analia. Chaplin alisimulia kwamba siku ya kupiga ile sehemu Jackie alikuwa na furaha zake, machozi hayaji. Baba yake akasema mniachie mimi. Akamchukua pembeni, akamwambia usipolia utachukuliwa kweli ukaishi nyumba ya maskini. Dogo akalia kilio cha ukweli, kamera ikazunguka. Walipomaliza Chaplin akamfuata kumtuliza, akamwambia usijali hakuna anayekuchukua, na Jackie akamjibu kwa sauti ya chini kwamba anajua, baba alikuwa anamtania tu. Na Chaplin, aliyekuwa anaelekeza ile sehemu, alishachukuliwa kweli akiwa na miaka saba. Mimi ile sehemu kila nikiiangalia nashindwa kumaliza bila kusimamisha.

Baada ya hapo Jackie akawa mtoto maarufu kuliko wote duniani. Kofia za Jackie Coogan, midoli, kila kitu kina sura yake. Studio ya Metro wakampa nusu milioni ya dola kama bonasi ya kusaini tu. 1924 alizunguka kuchangisha kwa ajili ya yatima wa Kiarmenia na Kigiriki, vikapatikana vyakula na nguo vya zaidi ya dola milioni moja, akapokelewa mpaka na Papa Pius wa 11. Nyumbani alikuwa anapewa posho ya dola 6.25 kwa wiki. Jumla ya alichoingiza inakadiriwa dola milioni 3 mpaka 4 za enzi hizo. 1927 wakamkata zile nywele zake za utotoni, ikafanywa filamu kabisa ya kukatwa nywele, na utoto ukaishia hapo, kazi zikaanza kupungua.

Baba yake alikuwa mtu wa kubana matumizi na inasemekana hela aliitunza vizuri. Mei 1935 walikuwa wanarudi kutoka kuwinda Mexico, gari likaacha njia karibu na Pine Valley, California. Walikuwa watano. Wakafa wanne, pamoja na baba na rafiki yake Junior Durkin naye muigizaji. Jackie pekee akapona. Ilikuwa imebaki miezi mitano na ushee atimize 21.

Oktoba ikafika, akatimiza 21, akaenda kudai chake. Mama yake, Lillian, alishaanza kuwa karibu na Arthur Bernstein, meneja wa hela za familia, wakaja kuoana. Wakamwambia huna kitu. Vito, makoti ya manyoya, magari, wanavyo wao, yeye hana. 1938 akawapeleka mahakamani, na msimamo wa mama ulikuwa kwamba hakuna aliyemuahidi chochote, na kila dola mtoto anayoingiza kabla ya miaka 21 ni ya wazazi.

Na sheria ya California ilikuwa upande wa mama, hilo ndo la kuuma. Sheria ya zamani inasema jasho la mtoto ni mali ya mzazi, iliandikwa ukifikiria mtoto wa mkulima anayesaidia shambani, sio mtoto aliyeingiza mamilioni. Kesi ikaisha kwa kugawana kilichobaki, Jackie akapata kama dola 126,000 hivi. Ndoa yake na muigizaji Betty Grable ikavunjika 1939. Alipokwama kabisa alimwendea Chaplin, na Chaplin akampa dola 1,000 palepale.

Kelele za wananchi ndo zikasababisha sheria ya 1939, ile inayoitwa mpaka leo Coogan Act, kwamba sehemu ya kipato cha mtoto muigizaji itengwe kwenye akiba yake. Ila ilikuwa na matundu. Ilihusu mikataba iliyopitishwa na mahakama, na mzazi akiamua kutotii hakuna wa kumfuatilia. Mfano ni Shirley Temple. Kipenzi cha Marekani nzima miaka ya 30, baba yake alikuwa meneja wa benki, mtu wa mahesabu. Shirley akaingiza zaidi ya dola milioni 3.2, alipokuja kukagua akiwa mtu mzima akakuta kama dola 44,000. Baba hakutenga zile hela kama alivyoamriwa. Shirley aliamua kutogombana na wazazi wake, akasonga mbele, huyu ndo yule aliyekuja kuwa balozi wa Marekani nchini Ghana 1974 mpaka 1976.

Dada mmoja kauliza kuhusu watoto wa kike waliosahaulika. Dada asante, hapa lazima nimlete Baby Peggy.

Peggy-Jean Montgomery, kazaliwa 1918. Baba yake Jack alikuwa kauboi aliyehamia kwenye filamu kuigiza sehemu za hatari badala ya mastaa. Peggy akiwa na miezi 19 mama yake alipita nae studio za Century pale Sunset Boulevard, muongozaji akamuona katoto kametulia kwenye kiti kametumwa kukaa na kamekaa. Ndo kipaji kilichotafutwa, utii. Baba yake alikuwa anajisifu mbele za watu kwamba mwanae hana kipaji cha ajabu, anafanya anachoambiwa, basi. Anapiga vidole, mtoto analia. Anapiga tena, mtoto anacheka. Filamu fupi karibu 150 kabla hajafika umri wa kuanza shule.

Na hakukuwa na masihara kwenye hizo filamu. Aliwahi kuzamishwa majini mpaka akazimia. Kwenye filamu moja ya 1923 chumba kilimwagiwa mafuta ya taa kikawashwa, mlango aliokuwa ameelekezwa atokee ukashika moto, katoto ka miaka minne kakajiongeza kenyewe kakatokea dirishani. Universal walimpa mkataba uliotajwa kuwa wa dola milioni 1.5 kwa mwaka. 1925 baba yake akagombana na mtayarishaji kuhusu malipo, mlango wa Hollywood ukafungwa, wakampeleka kuzunguka kwenye maonyesho ya jukwaani ili familia iendelee kula, magari, nguo, hoteli, vyote kwa mgongo wa mtoto wa miaka sita mpaka kumi. Ndugu aliyekuwa akishika hela akaondoka nazo, 1929 soko la hisa likaanguka, kilichobaki kikaenda. Miaka ya 30 wakarudi Hollywood, Peggy akawa anapanga foleni na ekstra wengine, wale waigizaji wa kujazia tu, kutafuta dola chache za siku.

Alichofanya baadae ndo kinanifanya nimheshimu huyu mama kuliko wote kwenye huu uzi. Akabadili jina akawa Diana Serra Cary, akajifunza kuandika historia, akakaa chini akaandika maisha ya watoto waigizaji, pamoja na kitabu kizima kuhusu Jackie Coogan. Filamu zake mwenyewe nyingi zilishapotea, studio ya Century iliungua 1926. Akafariki Februari 2020 akiwa na miaka 101.

Kabla sijafunga, mkuu aliyeuliza kama kulikuwa na watoto weusi: walikuwepo tena mapema. Ernest Morrison, aliyejulikana kama Sunshine Sammy, wa New Orleans, 1919 mtayarishaji Hal Roach alimpa mkataba wa muda mrefu, wa kwanza kwa mtoto mweusi Hollywood. Ndo aliyekuwa staa wa mwanzo wa zile filamu fupi za vichekesho vya watoto za Our Gang 1922, baba yake akisimamia mambo yake. Nyuma yake akaja Allen Hoskins, Farina, aliyeingia bado anajifunza kutembea, wakamsuka nywele mpaka watazamaji wakawa wanabishana ni wa kike au wa kiume. Walipendwa kote, ila utani waliopewa kuigiza ni uleule wa kuwadhalilisha watu weusi, na hilo silifumbii macho. Wote wawili waliziacha filamu ukubwani, Morrison akaenda viwanda vya ndege, Hoskins akaenda kufanya kazi na watu wenye ulemavu.

Na Jackie? Vita ya pili ya dunia aliendesha glaida, ndege isiyo na injini, kupeleka wanajeshi Burma. Alafu 1964 yule mtoto mzuri kuliko wote duniani akarudi kwenye TV akiwa mnene na kipara, Uncle Fester wa The Addams Family, kizazi kipya kikampenda bila kujua ni nani. Akafariki 1984, hajaiona sheria yake ikizibwa matundu. Ilikuja kuzibwa mwaka 2000: kipato cha mtoto muigizaji ni mali ya mtoto, na angalau asilimia 15 inaenda moja kwa moja kwenye akaunti ambayo mzazi haruhusiwi kuigusa mpaka mtoto afike 18. Mzazi wa California mwanae akipata kazi ya filamu leo, anakwenda benki kuomba afunguliwe Coogan account, ndo jina lake pale dirishani.

Maswali yaleteni, nipo.